Kupaka rangi na watoto siku nane za Hanuka: jibu kwa dada aliyeko New Jersey

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, natokea Moshi. Sasa naishi New Jersey na kazi yangu ni kulea watoto wa familia moja ya Kiyahudi: wa kiume ana miaka sita, wa kike mitatu. Mwaka jana mama yao aliniomba niwaandalie kazi za kupaka rangi za Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa, kwa kuwa yeye na mumewe hurudi jioni. Nikaprinti rundo la picha kutoka mtandaoni. Mama alipozipitia alitoa kadhaa kimyakimya akaziweka pembeni. Kijana naye akaniambia kinara nilichompa 'siyo chetu'. Yule mdogo kila karatasi anaisiliba yote kwa krayoni nyeusi mpaka picha haionekani. Ijumaa jioni nikawatandikia karatasi mezani kama kawaida, baba yao akaniomba nizitoe. Hakunikaripia, lakini niliona aibu. Isitoshe, ndugu zangu nyumbani wananiuliza kama siku hizi nasherehekea sikukuu za Wazungu, na mimi ni Mlutheri. Je, niendelee au nimwambie mama atafute mtu mwingine wa kazi hii? Na nikiendelea, nifanyeje nisikosee tena?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa hiyo aibu. Umeuliza mambo manne kwa pamoja: picha zenyewe, ile Ijumaa, binti na weusi wake, na imani yako. Nayajibu yote, lakini nianze na lile unalolisubiri zaidi. Endelea na kazi hiyo. Hakuna ulichoharibu. Mama aliyetoa karatasi chache na kukuachia nyingine anakuamini, na baba aliyekuomba utoe karatasi Ijumaa alikuwa analinda siku yake, hakuwa anakukataa wewe.

Ninachokuomba ubadilishe mwaka huu ni wingi. Rundo la karatasi humchosha mtoto, na makosa hupenya kwa sababu hakuna mtu mwenye muda wa kukagua picha thelathini. Hanuka ina mpangilio wake, mshumaa mmoja unaongezeka kila jioni, na kazi ya watoto ikifuata mpangilio huo utahitaji karatasi chache sana.

Tuanze na kinara. Sikuziona picha zilizotolewa, ila nimefundisha watoto wa awali wakiwemo wa familia za Kiyahudi, na makosa ya picha za Hanuka zinazozunguka mtandaoni nayafahamu. Kubwa kuliko yote ni kuhesabu matawi. Kinara cha matawi saba ni kile cha ndani ya Hekalu la Yerusalemu, kilichoelezwa katika kitabu cha Kutoka sura ya 25. Ndicho kilichochongwa kwenye Tao la Tito kule Roma, na ndicho kilicho kwenye nembo ya taifa la Israeli. Kinara cha Hanuka, ambacho wengi huita hanukia, kina nafasi tisa: nane za siku nane, na ya tisa ni ya shamashi, mshumaa mtumishi unaowashia wenzake. Zile nane hukaa kwenye mstari mmoja kwa kimo kimoja, na shamashi hutengwa, ama juu zaidi ama pembeni. Familia nyingi za Marekani huita vinara vyote viwili menora, ndiyo maana wachoraji huvichanganya. Mtoto wa miaka sita ameshawasha mishumaa hiyo na baba yake tangu akumbuke dunia. Akiona saba lazima aseme siyo chetu, na amesema kweli. Kwa hiyo kabla ya kuprinti, hesabu. Zikitimia tisa na mmoja ukiwa umetengwa, picha hiyo iko sawa.

Kwa nini nane? Hapa ni vizuri ujue kisa, kwa sababu mtoto atakuuliza krayoni ikiwa mkononi. Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko wa Nne, wa ukoo wa Waseleuko waliotawala kutoka Siria, alipiga marufuku ibada ya Wayahudi na kulinajisi Hekalu lao. Kuhani mmoja mzee wa kijiji cha Modiini, Matathia, alikataa kutii, akakimbilia milimani na wanawe. Alipokufa, mwanawe Yuda, aliyepewa jina la Makabayo, akaendeleza vita, na mwaka 164 K.K., tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu wa kalenda ya Kiyahudi, Hekalu likasafishwa na kuwekwa wakfu upya, kwa sherehe ya siku nane. Habari ya chupa moja ya mafuta safi, iliyotosha siku moja ikawaka siku nane, haimo katika vitabu vya Wamakabayo, vile vya kale vinavyosimulia vita hivyo. Inatoka Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, iliyokusanywa karne nyingi baadaye. Familia nyingi husimulia yote mawili pamoja bila shida, na wewe fanya hivyo hivyo.

Kwa binti wa miaka mitatu, mafuta yanatosha: yalikuwa kidogo, yakawaka muda mrefu. Kaka yake anaweza kuambiwa kwamba mfalme aliwakataza watu kusali kwa namna yao, nao wakagoma. Akipenda vita, na wengi wa umri huo hupenda, mwambie kulikuwa na tembo. Hiyo si chumvi ya msimuliaji. Majeshi ya Waseleuko yalikuja na tembo wa vita, na mdogo wake Yuda aitwaye Eleazari alikufa chini ya mmoja wao. Hicho kifo kiache mpaka akue, lakini tembo mwenyewe anachoreka vizuri, na sioni kwa nini mtoto akose kumpaka rangi.

Kosa la pili la picha za mtandaoni ni kuigeuza Hanuka kuwa Krismasi ya rangi ya bluu. Utaona mti wenye nyota ya Daudi juu, soksi zimetundikwa, mzee wa ndevu aliyevishwa bluu. Nadhani baadhi ya karatasi alizotoa mama zilikuwa za namna hiyo. Sikukuu hizi mbili hukaribiana kwa kalenda tu. Mwezi wa Kislevu hufuata mwandamo, hivyo tarehe huhama: mwaka 2024 mshumaa wa kwanza uliwashwa jioni ya tarehe 25 Desemba, mwaka 2025 jioni ya tarehe 14, na mwaka 2026 ni jioni ya tarehe 4. Kwa uzito wa kidini Hanuka ni sikukuu ndogo. Pasaka ya Kiyahudi na Yom Kipuri, siku yao ya kufunga na kutubu, zinaizidi kwa mbali, na siku za Hanuka watu huenda kazini kama kawaida. Imekua sana Marekani kwa sababu watoto wa Kiyahudi wanazungukwa na Krismasi kila upande, na wazazi wengi hawapendi ya kwao imezwe. Zipo familia zenye baba wa dini moja na mama wa nyingine, zinazoweka mti na hanukia sebule moja. Hayo utayajua kwa kuambiwa, usiyabuni wewe.

Na rangi? Bluu na nyeupe ni mazoea, hakuna sheria. Kijana akitaka mishumaa ya zambarau na kijani, mpe zambarau na kijani. Fungua pakiti ya mishumaa yenyewe ya Hanuka uone: mara nyingi ina rangi zote. Pakiti hiyo huwa na mishumaa 44, na hapo una hesabu nzuri ya mtoto wa miaka sita. Siku ya kwanza mmoja, ya pili miwili, mpaka nane, jumla 36. Ongeza shamashi nane. Mwache aipate mwenyewe kwa kuchora vijistari, usimpe jibu.

Sasa Ijumaa. Jambo hili halina uhusiano na Hanuka, ni Sabato, inayoanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Sheria ya Kiyahudi ya kale inataja aina 39 za kazi zisizofanywa siku hiyo, na miongoni mwake kuna kuandika na kutia rangi. Anayeishika Sabato hapaki rangi hata kwa kujifurahisha, na hapendi kuona krayoni mezani, kama vile hapendi kuona simu. Ndiyo maana baba hakukukaripia: hukufanya dhambi, ila meza ilikuwa na vitu ambavyo siku ile havishikwi. Si familia zote ziko hivyo. Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi wengi huwaachia watoto wapake rangi Sabato bila wasiwasi. Ya kwako imeshajionyesha.

Kwa mwaka 2026 jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Hanuka inaanza Ijumaa tarehe 4 Desemba na mshumaa wa nane unawashwa Ijumaa tarehe 11. Mwanzoni mwa Desemba jua huko kwenu huzama kama saa kumi na nusu jioni. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika kama 18 kabla ya hapo, na ya Hanuka hutangulia ile ya Sabato. Maana yake kijana akitoka shule siku hiyo mna muda mfupi mno. Usipange kazi ya kuchora kabisa Ijumaa hizo mbili. Wasaidie kuandaa meza, kuoga na kuvaa, basi.

Kuna jambo lingine ambalo pengine hujaambiwa na ambalo litakuepusha na aibu nyingine. Mwanga wa mishumaa ile minane hautumiwi kwa kazi yoyote. Ni wa kutazamwa tu. Shamashi huwekwa pia kwa sababu hiyo, ili mtu akiona kwa mwanga huo ihesabiwe ametumia wa shamashi. Kwa hiyo usizime taa ukawaketisha watoto wapake rangi kwa mwanga wa hanukia, hata kama inaonekana kupendeza. Taa ya umeme iwake, na meza ya rangi iwe mbali na mishumaa, jambo ambalo hata usalama unalitaka.

Baada ya hayo, kazi ninayokushauri ni hii. Chukua karatasi nene moja kwa kila mtoto, na kwa rula na penseli chora hanukia: kitako, mstari wa juu, mishumaa minane ya kimo kimoja, na shamashi katikati umepanda juu. Usiprinti, chora mbele yao, mstari ukipinda upinde. Mishumaa wapake rangi mapema, siku moja au mbili kabla, kwa raha zao. Miali ya moto iacheni mitupu. Kila jioni, mishumaa halisi ikishawashwa, mtoto anapaka mwali mmoja, na jioni ya kwanza anapaka na wa shamashi. Mishumaa hupangwa kuanzia mkono wa kulia wa anayetazama kwenda kushoto, kwa hiyo mwali wa kwanza ni ule wa mwisho kulia, wa pili unafuata upande wake wa kushoto. (Wakati wa kuwasha huanzwa na mshumaa mpya, yaani kushoto kwenda kulia. Kijana atakurekebisha ukikosea, na mwache akurekebishe.) Kwenye karatasi siku ya kwanza kutakuwa na moto sehemu mbili tu, shamashi na mmoja wa pembeni. Weupe uliobaki ndio utakaomfanya mtoto aulize kesho lini.

Na huo mwali usiupake wewe na wao. Waachie wazazi. Wewe andaa karatasi, chonga penseli, weka krayoni ya njano na ya chungwa juu yake, kisha baba au mama akirudi na kuwasha, ni dakika mbili tu za kukaa na mtoto. Mshumaa wa kawaida wa Hanuka huwaka kama nusu saa, na familia nyingi hawafanyi kazi nyingine muda huo. Ukiwapa kitu cha kufanya pamoja katika nusu saa hiyo umewasaidia kuliko ukiwapa karatasi thelathini. Ijumaa mwali unasubiri. Mwaka 2026 watapaka miwili kwa mpigo Jumamosi usiku tarehe 5, na ule wa nane watapaka Jumamosi tarehe 12, sikukuu imeshaisha. Kijana akilalamika, mwambie ukweli: Sabato kwanza. Analijua.

Kwa kijana nakuongezea kazi moja, ile pia (kichezeo cha kuzungusha) ya pembe nne inayoitwa dreideli. Kila upande una herufi ya Kiebrania: nun, gimeli, hei, shini. Ni vifupisho vya maneno yanayosema muujiza mkubwa ulitokea kule. Israeli kwenyewe herufi ya mwisho hubadilishwa kuwa pei, kwa sababu huko wanasema ulitokea hapa. Ukiona picha yenye pei, imetengenezwa kwa ajili ya watoto wa Israeli. Mchezo wenyewe ni rahisi: nun hupati kitu, gimeli unazoa zote, hei unachukua nusu, shini unaweka moja. Picha nyingi mtandaoni zimegeuzwa kama zimeonekana kwenye kioo, na nyingi huchanganya nun na gimeli kwa sababu zinafanana. Angalia chini ya herufi: nun ina kitako kilichonyooka, gimeli ina vijiguu viwili vyenye uwazi kati yake. Mwombe kijana akukagulie kabla hujaprinti. Anajifunza herufi hizo, na atafurahi kuwa mwalimu wako.

Tahadhari kuhusu maandishi. Baadhi ya picha zina baraka ya kuwasha mishumaa kwa Kiebrania, na ndani yake jina la Mungu. Karatasi yenye jina hilo haitupwi jalalani wala haiachwi sakafuni ikanyagwe. Kwa desturi huwekwa kando mpaka izikwe. Huenda hata hiyo ilikuwamo kati ya zile alizotoa mama. Njia rahisi ni kutoprinti baraka kabisa, na ukikuta moja, mkabidhi mama mkononi.

Tuje kwa binti, ambaye nadhani ndiye anayekusumbua zaidi. Dada yangu, hajakosea chochote. Mtoto wa miaka mitatu hapaki rangi picha, anaendesha mkono. Bado nguvu inatoka begani na kwenye kiwiko, vidole havijaanza kazi yao, na jicho halijaweza kuamuru mkono usimame penye mstari. Kukaa ndani ya mstari huanza kuwezekana kidogo kidogo mwaka wa nne, wa tano, wa sita. Akisiliba karatasi yote anasikia raha ya krayoni kuteleza na kuona kwamba yeye ndiye aliyesababisha alama ile. Na kwa nini nyeusi? Kwa sababu nyeusi inaonekana kuliko zote kwenye karatasi nyeupe. Watu wazima tunasoma huzuni katika rangi nyeusi. Mtoto wa umri huo hachagui hivyo. Anayecheza, anayekula, anayelala na kucheka, mwache na nyeusi yake.

Yuko mtu mmoja ambaye ningependa umfahamu, Viktor Lowenfeld. Alikuwa Myahudi wa Austria, mwalimu wa sanaa, aliyekimbia Vienna mwaka 1938 Wanazi walipoingia. Akafika Marekani, na kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Penn State alifundisha Hampton kule Virginia, chuo cha Wamarekani weusi. Yeye alizipinga waziwazi picha zilizochorwa tayari kwa ajili ya kupakwa rangi. Aliona zinamfundisha mtoto kwamba mkono wake hautoshi, kwamba kuna mbwa sahihi na mbwa wake siyo. Mimi siendi naye mpaka mwisho. Mtoto wa miaka sita anayependa kutulia na mistari yake hapati madhara, na mkono wake unapata mazoezi ya kuandika. Lakini kwa wa mitatu Lowenfeld alisema kweli. Picha iliyochapwa yenye vijumba vidogo vya kujaza haimfai binti huyu, na ndiyo maana anaifuta.

Mpe karatasi kubwa tupu na uibandike mlangoni au ukutani asimame mbele yake. Mkono ukiinuka hivyo kifundo hujipinda vizuri na vidole huanza kushika ipasavyo. Vunja krayoni ibaki kipande kifupi. Krayoni ndefu ataikamata kwa ngumi, fupi itamlazimu kutumia ncha za vidole. Ila kama bado anatia vitu mdomoni, usivunje. Mnunulie zile nene. Nchini Marekani tafuta alama ya AP kwenye boksi, inayoonyesha zimekaguliwa kwamba hazina sumu. Kwenye hanukia yake usimtake mwali. Mtake alama moja kila jioni, popote itakapoangukia. Na asipotaka, aende zake.

Ukitaka kazi moja ya kuwaunganisha wote wawili, ifanye ya mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo moyo wa sikukuu hii. Ndiyo sababu nyumba nzima hunukia kukaanga: latke za viazi vilivyokunwa, maandazi yenye jemu ndani, na kwa Wayahudi wa Morocco sfenj, ambayo ukiionja utafikiria mandazi ya nyumbani. Waache wapake krayoni kwa kukandamiza, wajaze karatasi nyembamba ya kawaida, binti na nyeusi yake, kaka na mishumaa yake. Igeuze. Chovya pamba kwenye mafuta ya kupikia kidogo na wao wenyewe wapanguse upande wa nyuma. Watashangaa: karatasi inaanza kupitisha mwanga pale pale pamba inapopita. Karatasi huonekana nyeupe kwa sababu imejaa nyuzi na hewa katikati yake, na mwanga ukifika hapo hutawanyika. Mafuta yakijaza penye hewa, mwanga hupenya. Futa kwa tishu, laza juu ya gazeti mpaka kesho yake, kisha bandika dirishani. Lakini siyo dirisha la hanukia! Wayahudi huiweka hanukia dirishani ili wapita njia waone, na karatasi yenye mafuta ikikutana na mwali inashika moto mara moja. Tumia dirisha la jikoni au la chumba chao.

Kuhusu imani yako na maneno ya ndugu zako. Mimi ni mwalimu wa watoto, siwezi kukuamulia dhamiri. Naweza kukuambia ulichoombwa ni nini: uandae karatasi na rangi. Baraka husomwa na wenye nyumba. Ukiwa hapo zinaposomwa, simama kwa heshima na unyamaze, hakuna atakayetaka zaidi. Na ndugu zako waambie wafungue Injili ya Yohana 10:22. Sikukuu ya Kutabaruku inayotajwa pale ndiyo hii, na aya inayofuata inasema Yesu alikuwa akitembea hekaluni. Wala si ya Wazungu. Karibu na Mbale, Uganda, iko jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Waliishika dini yao hata Idi Amin alipoipiga marufuku, na wanawasha mishumaa hiyo mpaka leo. Kama bado moyo hautulii, zungumza na mchungaji wako mkiwa ana kwa ana, na ukiona huwezi, mwambie mama mapema mwezi wa Novemba. Hilo ni la heshima kuliko kuendelea huku unanung'unika.

Mwezi huo huo wa Novemba, kaa na mama dakika kumi na umwulize: Ijumaa niondoe rangi saa ngapi? Kuna picha msizozitaka? Mnawasha saa ngapi, nami niwe nimeondoka au nibaki? Maswali ya sheria asiyokuwa na jibu lake, yeye ana rabi wake. Usitafute majibu hayo mtandaoni, wala usinitegemee mimi, kwa sababu kila nyumba ina desturi yake.

Mwisho ni yale yanayohitaji macho ya mtu aliye karibu na watoto. Wewe unakaa nao saa nyingi kuliko wengi, kwa hiyo utaona mapema. Kijana wa miaka sita akiwa bado anashika krayoni kwa ngumi, akichoka au kulalamika mkono unauma baada ya muda mfupi, au akikimbia kila kazi ya mkono, mwambie mama amweleze daktari wa watoto. Wapo wataalamu wa tiba wanaofundisha watoto kutumia mikono katika kazi za kila siku, na shule nyingi za Marekani zinao. Akichanganya rangi mara kwa mara, kahawia penye kijani au zambarau penye bluu, wakati majina ya rangi anayajua, apelekwe kupimwa macho. Kutotofautisha rangi ni kwa wavulana zaidi. Kwa wenye asili ya Ulaya ni kama mvulana mmoja kati ya 12, na mara nyingi hugunduliwa mezani pa krayoni. Binti naye, akiacha kufanya jambo aliloliweza, kwa mfano aliweza kushika krayoni au kusema maneno na sasa hawezi, hilo halisubiri sikukuu iishe. Daktari amwone wiki hiyo hiyo. Na mtoto akiungua kwa mshumaa au mafuta ya latke, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake siagi wala dawa ya meno. Piga simu kwa mama, na kama ni uso, kiganja, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, nendeni hospitali moja kwa moja.